Siku Mbili Njiani na Rafiki wa Masomo

Karibu kila mtu aliyepata kusoma anaye rafiki mmoja ambaye jina lake halitengani na miaka ile. Ndiye mliyelala naye chumba kimoja, mkasomea taa moja, mkakata kipande cha sabuni kwa uzi ili kila mmoja apate nusu. Masomo yakiisha, kila mtu hushika njia yake. Huyu hupata kazi, yule huoa, mwingine huhamia mbali. Urafiki haufi, lakini hulala usingizi.

Hapa kwetu Katanga liko jambo la kusikitisha: marafiki wa zamani hukutana kwenye vilio tu. Sisi na rafiki yetu wa chuo twakaa mji mmoja, Lubumbashi, wala nyumba zetu hazitengani kilomita kumi. Hata hivyo, kwa muda wa miaka sita tulionana mara tatu, na kila mara tulikuwa tunamzika mmoja wa kundi letu. Baada ya kilio cha tatu, rafiki yetu alitushika mkono mlangoni, akasema: «Mwalimu, tulikuwa watano, tumebaki wawili. Je, tungoje mpaka mmoja wetu awekwe sandukuni, ndipo mwenzake aje kumtazama?»

Swali hilo halikutuacha tulale. Basi tukapatana kufunga safari ya siku mbili, si ya kilio wala ya biashara, bali ya furaha. Tungekwenda kuuona mto Lualaba, ambao mwalimu wetu wa jiografia alikuwa akiuchora ubaoni kwa chaki ya buluu, na ambao sisi wawili hatukupata kuuona kwa macho.

Mapatano kabla ya safari

Rafiki yetu ni fundi mkubwa katika kazi za migodi, na mshahara wake unapita wa mwalimu mara nyingi. Alitaka kulipa yote. Tulikataa kwa upole, maana mtu anayelipiwa kila kitu mwishowe hukaa kimya kama mgeni. Tukagawana hivi: yeye alete motokari na benzini, sisi tulete chakula cha njiani, na ushuru wa barabara tulipe nusu kwa nusu. Tukapatana pia kupokezana usukani kila baada ya saa mbili, na kuwa nyumbani kabla ya jua kutua. Mambo hayo yalisemwa kwa dakika kumi tu, lakini yalituepusha na manung'uniko ya siku mbili.

Tuliondoka Jumamosi, siku ambayo wazee wetu huiita siku ya posho, saa kumi na moja alfajiri. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na baridi ya Katanga ilituuma vidole. Tulikuwa na viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga na chupa ya chai. Hata kabla ya kuuacha mji, rafiki yetu alikwisha kula nusu ya karanga, akasema kwamba anapima kama zimeiva vizuri.

Barabara yenye mafundisho

Jua lilipochomoza tuliona msitu wa miombo pande zote mbili, na ndani yake vichuguu vikubwa, vingine vikizidi mita tano. Mkaaji wa Lubumbashi asividharau, kwa maana udongo wake hufyatuliwa matofali, na nyumba nyingi za mji wetu zilijengwa kwa kazi ya mchwa hao wadogo. Malori marefu yenye shaba na kobalti yalitujia mbele, yakielekea mpaka wa Zambia. Kila tulipopishana nayo, motokari yetu ilitetemeka, na sisi wawili tuliacha kuongea mpaka lipite.

Penye mto Lufira tulisimama kidogo. Mwezi Septemba 1961, askari wa Ireland zaidi ya 150, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizingirwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wenzao waliotoka Élisabethville kwenda kuwaokoa walizuiwa penye daraja la mto huu, wakarudi. Baba zetu walitusimulia vita hivyo tulipokuwa watoto, lakini sasa mto ulipita taratibu, na akina mama walikuwa wakifua nguo kando yake.

Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi. Karibu yake ipo Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Rafiki yetu alitueleza habari hizo kwa uso wa huzuni. Kisha akatazama kikapu chetu, akasema: «Mwalimu, afadhali mzigo wetu. Viazi havijaua mtu bado.»

Gurudumu lilipopasuka

Tulikuwa tumeipita Likasi, twaelekea Fungurume, gurudumu moja la nyuma likapasuka. Tukatoa lile la akiba, kumbe halikuwa na upepo wa kutosha. Pampu hatukuwa nayo. Tukaketi kwenye kivuli, tukingoja msaada.

Hapo ndipo safari yetu ilipoanza kwa kweli. Rafiki yetu alikaa kimya kitambo, kisha akasema, bila kututazama: «Wajua kwa nini sikuwa nikija kwako? Tangu nipate kazi hii, kila mtu anayenipigia simu anataka fedha. Nilianza kuogopa kwamba hata wewe, siku moja, utaniomba. Na ukiniomba, sitajua tena kama u rafiki.»

Tulimjibu kwamba mwalimu naye ana hofu yake. Akitaka kumpigia simu mwenzake mwenye mali, hata kwa salamu tu, huwaza: je, hatadhani naomba? Kwa hiyo huiweka simu mezani. Hivyo tajiri anajificha kwa woga, maskini anajificha kwa haya, na kati yao urafiki wa miaka mingi unakauka kama mti usionyeshewa.

Tukatazamana, tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka mzee mmoja, aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya makala, akasimama kututazama.

«Wanangu, motokari imewafia, nanyi mwacheka?»

«Ndiyo, baba,» rafiki yetu akajibu. «Imekufa siku njema.»

Mzee akatoa pampu yake. Tulipokezana kusukuma upepo, jasho likitutoka. Akatuuliza kama sisi ni ndugu wa tumbo moja. Rafiki yetu akasema: «Ndiyo, baba, tumbo la chuo.» Mzee hakutaka fedha. Alikubali viazi vinne na konzi ya karanga zilizosalia, akatubariki, akaendelea na njia yake.

Mto wa ubaoni

Kabla ya kufika Kolwezi, barabara huvuka Lualaba. Tuliiweka motokari kando, tukashuka. Si mto mkubwa sana mahali hapo, na mtu asiyejua angeupita bila kugeuza shingo. Lakini sisi tulijua. Maji hayo huelekea kaskazini, hupita Bukama, Kongolo na Kindu, hufika Kisangani, na huko hubadili jina na kuitwa mto Kongo. Kisha huzunguka kwa kupita Mbandaka na Kinshasa mpaka baharini. Njia yote, tangu chanzo chake, ni zaidi ya kilomita 4,000.

Rafiki yetu aliitaja miji hiyo yote kwa sauti, kwa utaratibu ule ule tuliofundishwa darasani, wala hakukosa hata mmoja. Kisha akataja majina ya wenzetu watatu waliofariki, nasi tukavua kofia. Hatukulia. Machozi tulikwisha kuyatoa kwenye vilio vyao. Hapa tulisimulia jinsi mmoja alivyokuwa akiota kwa sauti usiku, na mwingine alivyouza viatu vyake ili anunue kamusi, akaenda mtihanini peku.

Tulilala Kolwezi katika nyumba ndogo ya wageni. Dominika asubuhi tulisali Misa, tukashika njia ya kurudi. Likasi tulikula bukari na sombe, na njiani tukanunua samaki wa Kapolowe kwa ajili ya wake zetu, ili nao waisifu safari. Mara mbili tuliona matawi mabichi yamewekwa barabarani, alama kwamba mbele yake lori limeharibika. Mchana alama hiyo huonekana vizuri, lakini usiku wengi wamepotea kwa kutoiona. Tulifika Lubumbashi jua likingali juu.

Neno kwa msomaji

Ndugu msomaji, pengine huna motokari, wala Lualaba iko mbali nawe. Si kitu. Mwaweza kwenda kwa basi, kwa baiskeli, hata kwa miguu mpaka kijiji cha jirani. Jambo kubwa ni saa nyingi za kukaa pamoja bila mgeni wala haraka, maana maneno mazito hayatoki mdomoni kwa dakika tano za salamu. Gawaneni gharama kadiri ya uwezo wa kila mmoja, ili asiwepo bwana wala mwombaji kati yenu. Pimeni upepo wa magurudumu yote, na lile la akiba pia. Rudini kabla ya giza.

Wazee walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni kweli. Lakini asiyeonwa siku ya furaha, siku ya dhiki tutamjuaje? Leo hii, tafuta namba ya mwenzako wa masomo, mpigie, umwambie mapema kwamba huombi kitu. Mwulize tu Jumamosi gani ana nafasi.