Kisukari: Jina la Dalili au la Chanzo?

1.0 Utangulizi
Makala haya yanachunguza istilahi ya kisukari na namna inavyomwongoza au kumpotosha mtumiaji wa Kiswahili kuhusu aina za ugonjwa huo na vyanzo vyake. Suala hili lina uzito mkoani Singida, ambako Kiswahili cha zahanati humfikia mgonjwa ambaye huenda lugha yake ya kwanza ni Kinyaturu au Kinyiramba. Mkulima alaye ugali wa mtama, asiyeweka sukari nyumbani mwake, ana haki ya kuuliza: sukari hii imetoka wapi?

2.0 Umbo na Maana
Nomino hii imeundwa kwa kiambishi ki- na shina sukari. Ki- hii si ya udogo. Ni ile ionekanayo katika majina ya maradhi kama vile kifafa na kichocho. Kisemantiki, jina linataja dalili, yaani wingi wa glukosi katika damu, ambayo hujitokeza pia katika mkojo. Ndivyo ilivyo homa ya manjano: hakuna adhaniaye kuwa rangi ndiyo iletayo homa. Aidha, neno la Kilatini mellitus limetokana na asali, zao maarufu la Singida, bila ya kuilaumu asali.

3.0 Aina na Vyanzo
Wanga wa ugali humeng'enywa ukawa glukosi. Ili glukosi iingie katika seli, huhitajika insulini, homoni itokayo kwenye kongosho. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili huziharibu seli zitengenezazo insulini. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, na ulaji wa sukari si chanzo chake. Katika aina ya pili, iliyoenea zaidi, mwili huwa sugu kwa insulini na kongosho hushindwa kufidia. Urithi, unene, umri na kutoushughulisha mwili huchangia. Sukari nyingi huchangia hasa kwa kuongeza unene. Kisukari cha mimba hutokea pale homoni za ujauzito zinapopunguza nguvu ya insulini. Kingine hutokana na maradhi ya kongosho au baadhi ya dawa. Kisukari kihusianacho na utapiamlo kiliingizwa katika uainishaji wa Shirika la Afya Duniani mwaka 1985, kikaondolewa mwaka 1999. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua kuwa aina ya tano.

4.0 Tatizo la Namba
Uainishaji wa awali ulitofautisha kisukari kitegemeacho insulini na kisichoitegemea. Uliachwa kwa kuwa ulitaja tiba badala ya chanzo, na hata mgonjwa wa aina ya pili huweza kuhitaji insulini. Hata hivyo, namba nazo zina kasoro. Katika Kiswahili, -a kwanza na -a pili hudokeza mfuatano, kana kwamba aina ya kwanza isipotibiwa hukua ikawa ya pili. Sivyo.

5.0 Hitimisho
Hatupendekezi kuliacha neno kisukari, kwani limekwisha kukita mizizi. Tunapendekeza namba ziandamane na maelezo: kisukari cha ukosefu wa insulini kwa aina ya kwanza, na cha usugu wa insulini kwa ya pili. Mzazi aelewaye kuwa kisukari ni kula sukari atamnyima mtoto chai tamu na kungoja nafuu. Aelewaye kuwa mtoto amekosa insulini ataitafuta insulini. Bila ya hiyo, mtoto huyo hufa.