Ngeli, Imani na Fasi: Swali Lililoulizwa Mtoni

Makala haya mafupi yamezaliwa na swali. Jioni moja tulipokuwa tukivuka kwa mtumbwi kutoka mjini kurudi Alunguli, mwanafunzi aliyeketi mbele yangu aligeuka akaniuliza: “Mwalimu, hayo ya Tempels na Kagame unayotufundisha, wewe mwenyewe unayaamini?” Nilimjibu kwamba mwalimu wa isimu hufundisha, haungami. Jibu hilo lilitosha kutufikisha ng’ambo tu.

Mada yenyewe inajulikana. Mwaka 1945 Placide Tempels, mmisionari Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeishi miongoni mwa Waluba wa Katanga, alidai kuwa Wabantu wana falsafa yao, na kiini chake ni nguvu ya uhai. Mwaka 1956 padri wa Rwanda, Alexis Kagame, aliijenga hoja hiyo upya juu ya sarufi. Katika ngeli za Kinyarwanda aliona mafungu manne ya vyote vilivyopo: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, yaani mtu, kitu, mahali pamoja na wakati, na namna. Shina ni moja, -ntu. Kiambishi ndicho kinachougawa ulimwengu. Mwanaisimu gani asingeipenda hoja hiyo? Mimi niliipenda kwa miaka mingi, pengine kwa sababu iliifanya kazi yangu ionekane kubwa kuliko ilivyo.

Lakini tuipime kwa Kiswahili. Mtu na kitu vipo. Mahali je? Neno hilo limetoka Kiarabu, ila katika Kiswahili sanifu limetwaa upatanisho wa pa-: twasema mahali pazuri. Mtetezi wa Kagame atafurahi: neno la kale limeondoka, fungu limebaki. Basi na avuke mto aje sokoni kwetu. Hapa watu husema fasi muzuri. Fasi ni nafasi iliyofupishwa, na upatanisho wa pa- hausikiki tena. Je, mama auzaye mihogo Alunguli amepoteza dhana ya mahali? Jaribu kumhamisha fasi yake, naye atakujibu.

Paulin Hountondji wa Benin alikwisha kuonya, katika kitabu chake cha 1976, dhidi ya falsafa ambayo watu wote wanasemekana kuwa nayo pasipo mmoja wao kuketi na kuifikiria. Onyo hilo ni la haki, ingawa linamwacha msomaji na njaa: wazee wetu hawakufikiri?

Walifikiri, na mfano hauko mbali. Balega, ambao baadhi yao wanakaa Pangi humu humu Maniema, wana chama cha bwami, ambacho serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku mwaka 1948. Mtu huingia humo na kupanda daraja kwa daraja hadi kindi, na wanawake wana daraja zao. Mafunzo hutolewa kwa methali zinazoimbwa na kuchezwa huku vitu vikionyeshwa: sanamu za pembe, magamba, mikanda. Kitu kimoja hakina maana moja. Hupata maana kwa methali iliyokiambatana siku hiyo. Ipo sanamu ya vichwa vingi, Sakimatwematwe, inayohusishwa na mtu aliyemwona tembo ng’ambo ya mto mkubwa. Husemwa kuwa ni mzee atazamaye pande zote. Huko imani hairithiwi pamoja na viambishi. Hufunzwa, hugharimiwa, na mwanafunzi huweza kushindwa.

Wiki iliyofuata nilimtafuta yule mwanafunzi. Nilimwambia kuwa siamini kwamba ngeli zinatufikiria. Kwamba naamini utu ni jambo ambalo mtu hulipata kwa watu waliojitaabisha kumfunza, na aweza kulikosa hata kama upatanisho wake wa kisarufi hauna dosari. Nilimwambia pia kwamba hili la pili sina njia ya kulithibitisha darasani.

Aliandika yote. Kisha akauliza kama litatoka katika mtihani.