Kuishi na Jumbe Nyingi: Utangulizi

Kila mwenye simu anaijua kamati ya harusi. Kundi linafunguliwa WhatsApp, mweka hazina anatuma orodha ya michango, na kila anayeahidi ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake chini, kisha anaituma upya. Kufikia jioni orodha ile ile imepita mara thelathini. Humo humo zimo pongezi, dua, picha ya kitambaa cha sare, na mstari mmoja tu unaosema kikao cha Jumapili kimehamishwa. Jumapili ikifika, wawili watatu watakwenda kule kwa zamani, na wataapa kwamba hawakupata habari. Habari waliipata, imo ndani ya simu zao. Ilikosa tu kuwafaa ilipohitajika.

Ipo taaluma nzima inayochunguza kisa cha namna hii. Huitwa usimamizi wa taarifa za mtu binafsi, na maswali yake ni ya kila siku: mtu hupokeaje taarifa, huamuaje ipi aiweke na ipi aiache, huikumbukaje wakati wake ukifika, na huipataje tena akiihitaji? Anayechunguzwa ni mtu mmoja mmoja pamoja na vitu vyake: karatasi, barua pepe, picha, mafaili. Taaluma hii inachota kwenye saikolojia, ukutubi na sayansi ya kompyuta, lakini kuingia kwake hakudai ujue kuandika programu. Anayejua kutazama watu kwa subira na kuwauliza maswali bila kuwahukumu tayari ana kifaa muhimu kuliko vyote.

Kilio cha kuzidiwa na maandishi ni cha zamani. Mwaka 987, Ibn al-Nadim wa Baghdad aliandika *Fihrist*, akijaribu kuorodhesha vitabu vyote vya Kiarabu alivyovijua. Mwaka 1545, Conrad Gessner wa Zürich alichapisha orodha yake ya vitabu vya Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Mwaka 1945, mhandisi Mmarekani Vannevar Bush alieleza mashine ya kufikirika aliyoiita memex: dawati ambalo lingehifadhi vitabu na barua za mtu mmoja, na kumwezesha kuunganisha wazo na wazo kama akili yake inavyofanya. Mashine hiyo haikuundwa, ila watafiti wa fani hii wangali wanaitaja kama babu yao.

Mwaka 1971 yalitokea mambo mawili yanayopaswa kusomwa pamoja. Ray Tomlinson, huko Cambridge, Massachusetts, alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao, na ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na mashine yake. Mwaka huo huo mwanauchumi Herbert Simon alitoa hoja kwamba taarifa nazo zina kitu zinachokula, nacho ni umakini wa anayezipokea. Taarifa zikijaa, umakini unakuwa haba. Kwa hiyo chombo kinachotuletea jumbe nyingi zaidi kwa kasi zaidi hakijatusaidia, isipokuwa kama kinazuia nyingi kuliko kinazopitisha.

Msingi wa fani, hata hivyo, uliwekwa juu ya meza za ofisini. Mwaka 1983 Thomas Malone alichapisha utafiti kuhusu namna wafanyakazi wanavyopanga meza zao. Aliwahoji, akataka kujua kila kitu kiko wapi na kwa nini kimewekwa hapo. Wapo waliokuwa na majalada yenye majina, na wapo waliokuwa na marundo. Mkaguzi yeyote angeliita rundo uzembe, lakini Malone alikuta lina kazi yake. Karatasi iliyolala mahali jicho linapopita kila asubuhi humkumbusha mwenyewe kwamba kuna jambo halijaisha. Ukiifungia kabatini, meza inapendeza na jambo linasahaulika. Tena kuna karatasi zinazobaki kwenye rundo kwa sababu mwenyewe hajaamua bado ni za jalada gani. Kuainisha ni kazi ngumu, na mara nyingi tunatakiwa kuifanya kabla hatujajua karatasi itatufaa kwa lipi.

Mwaka 1996 Steve Whittaker na Candace Sidner waliingia kwenye vikasha vya barua pepe vya wafanyakazi wa ofisini, wakakuta meza ya Malone humo. Barua pepe ilibuniwa kupeleka ujumbe, lakini watu walikuwa wamekigeuza kikasha kuwa orodha ya kazi na ghala la kumbukumbu. Waligundua tabia tatu. Kuna wasiopanga chochote, kuna wanaopanga kila mara, na kuna wanaoacha barua zirundikane kwa miezi kisha wakafanya usafi mkubwa kwa mpigo. Folda nyingi walizoziona zilikuwa na barua moja au mbili tu: mtu alifungua folda kwa matumaini, akaipa jina, kisha akaisahau.

Je, kupanga kuna faida? Hapa ndipo penye mjadala mtamu. Mwaka 2011 Whittaker na wenzake walifuatilia watumiaji 345 wa barua pepe waliporudi kutafuta barua zao za zamani zaidi ya mara 85,000. Waliojenga folda nyingi hawakufanikiwa zaidi kuliko waliokwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha kutafutia. Ungedhani folda zimekufa. Lakini utafiti wa Ofer Bergman na wenzake juu ya mafaili ya kompyuta ulionyesha kwamba watu hupendelea kupita kwenye folda zao hata wakipewa mtambo mzuri wa kutafutia. Huo huukimbilia wakisahau walipoweka. Naona tofauti inatokana na mkono ulioweka. Faili umeliweka wewe, na mahali ulipoliweka ni sehemu ya kumbukumbu yako. Barua imeletwa na mwingine, kwa saa yake, kwa maneno yake.

Kutokana na tafiti hizi napendekeza kanuni moja ya kuanzia. Ujumbe una kazi tatu zinazoweza kutenganishwa: kukuarifu, kukukumbusha, na kukaa tayari uupate siku nyingine. Uliokuarifu umemaliza kazi yake ukishasomwa. Wa kukumbusha unatakiwa uonekane hadi jambo liishe. Wa kuhifadhi hauna haja ya kuonekana, ilmradi ukitafutwa upatikane. Mfululizo mmoja wa jumbe hauwezi kufanya zote tatu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kikao cha Jumapili kilipozama: kikumbusho kilikaa kwenye foleni ya pongezi.

Kwenda sambamba na mazungumzo, basi, si kusoma kila neno. Anayefika barazani amechelewa hadai kusimuliwa yote tangu alasiri, huuliza, "Mmefikia wapi?" Mazungumzo mazuri huwa na mtu wa kumjibu. Makundi yetu ya simu mara nyingi hayana, na kumpata ni jambo la watu kukubaliana zaidi kuliko la programu.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana kazi kubwa inayomngoja. Tafiti nilizozitaja zilianzia kwa watu wenye meza, kabati na kompyuta ya ofisi. Huku kwetu wengi taarifa zao zote zimo katika simu moja, yenye nafasi ndogo inayojazwa na video za salamu za asubuhi, na kufuta ni uamuzi wa kila wiki. Anafuta nini kwanza? Risiti ya muamala anaiweka wapi? Picha ya hati ya kiwanja anaipataje miaka mitatu baadaye? Anza na simu yako: chukua jumbe ishirini za mwisho, na kwa kila mmoja andika ni ipi kati ya zile kazi tatu inayokufanya uendelee kuutunza. Kisha mwombe mtu mwingine afanye vivyo hivyo, na umsikilize anapoeleza sababu zake.