Mizani ya Kaboni Katika Vinamasi vya Uskoti

Kaskazini kabisa ya Uskoti, katika maeneo ya Caithness na Sutherland, imetandaa ardhi pana ya vidimbwi visivyo idadi, iitwayo Flow Country, ambayo kwa maelfu ya miaka imekuwa ikiweka akiba ya kaboni pole pole pasina mtu kuiamuru. Hapo huota sfagnamu, mmea mdogo laini usio na mizizi, ambao ukiufumbata kiganjani na kuukamua hutiririsha maji tele. Nao ufapo hauozi ukaisha, kwa kuwa maji yaliyotuama huizuia oksijeni, bali hulaliana tabaka juu ya tabaka, yapata milimita moja kwa mwaka, hata ukawa udongo mweusi uitwao peati. Ardhi za namna hii ni takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, walakini kaboni iliyomo ndani yake yaishinda ile iliyomo katika miti ya misitu yote.

Katika miaka ya 1980, matajiri walipopunguziwa kodi kwa ajili ya kupanda miti, sehemu kubwa ya vinamasi hivyo ilichimbwa mifereji, ikalimwa, ikapandwa misonobari ya kigeni. Maji yakashuka, hewa ikapenya, na vijidudu vikaanza kuila akiba ya kale na kuirejesha angani kwa sura ya hewa ya ukaa. Msamaha huo wa kodi uliondolewa mwaka 1988, na tangu miaka ya 1990 wahifadhi wamekuwa wakiangusha miti, wakilaza magogo ndani ya mitaro na kuziba mifereji, ili maji yarejee mahali pake.

Lakini tutajuaje kwamba kinamasi kimepona? Njia iliyo sahihi zaidi ni mnara wenye vyombo vinavyopima, mara kumi au zaidi kwa kila sekunde, mwendo wa upepo pamoja na hewa ya ukaa inayopanda na kushuka. Ila mnara ni ghali, na huona kipande kidogo tu kilichouzunguka. Hapo ndipo setilaiti inapofaa. Jani lililo hai hunywa mwanga mwekundu na kuurudisha ule wa infraredi usioonekana kwa macho, na chombo kiitwacho MODIS, kilichorushwa na Marekani mwaka 1999, huupima mwanga huo pamoja na joto la ardhi, na kwa vipimo hivyo wataalamu hukadiria ni kiasi gani cha kaboni mimea imekivuta.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 kuhusu Flow Country ulidhihirisha, kwa vipimo hivyo vya setilaiti, kwamba uwezo wa mimea kuvuta kaboni hurejea baina ya miaka 5 na 10 baada ya miti kuondolewa. Ni habari ya kufurahisha, ila yataka kusomwa kwa insafu, kwani mfanyabiashara aandikaye mapato bila ya matumizi hawezi kujua kama amepata faida. Setilaiti hiyo huona kaboni inayoingia. Ile itokayo kwa kuoza kwa peati na masalia ya miti, hali kadhalika gesi ya metheni, haionekani katika rangi ya majani. Minara iliyosimamishwa huko huko ilionesha kwamba mahali palipotengenezwa miaka 10 nyuma palikuwa pangali pakipoteza kaboni, ilhali pa miaka 16 palikwisha kuanza kuiweka.

Kwa sababu hiyo wataalamu wameongeza jicho jingine, nalo ni rada ya setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, ipenyayo mawingu ambayo aghalabu huifunika Uskoti. Peati iliyojaa maji huvimba, na ikikauka hunywea. Rada hiyo hupima kupanda na kushuka huko kwa milimita, na kwa njia hiyo hujulikana kama maji yamerudi kweli.

Jambo hili latuhusu hata sisi Waafrika, kwani mwaka 2017 ilitangazwa kuwa vinamasi vya katikati ya Bonde la Kongo, vilivyoenea kilomita za mraba 145,500, vimehifadhi kiasi cha tani bilioni 30 za kaboni, na ramani yake ilipatikana kwa kuoanisha picha za setilaiti na vipimo vya watu waliozama matopeni hadi magotini. Anayetaka kulipwa fedha kwa kaboni aliyoiokoa, au kumlipa mwenziwe, na adai hesabu za pande zote mbili, za angani na za ardhini; na lililo bora kuliko yote ni kuviacha na maji yake vinamasi ambavyo havijakaushwa, kwani kilichopotea kwa msimu mmoja wa kuchimba mifereji hulipwa kwa miaka mingi ya subira.