Nahau za Kiingereza na Waongoza Wageni wa Mlima Meru

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana ya kila neno. Jambo hili ladhihirika Arusha, ambako waongoza wageni hupanda nao Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500.

Mgeni akisema asubuhi kwamba yu "under the weather", anayejifunza Kiingereza huenda akafasiri "chini ya hali ya hewa", akatazama mawingu na kumwambia kuwa yatapita. Kumbe mgeni asema hajisikii vizuri. Kosa hilo si dogo: maradhi ya kimo huweza kuanza penye mita 2,500 hivi, napo ndipo ilipo kambi ya kwanza, Miriakamba. Dawa yake kubwa ni kutopanda zaidi, na yakizidi, kushuka. Vivyo hivyo "to throw in the towel", yaani kutupa taulo, ni usemi uliotoka katika mchezo wa ndondi. Maana yake ni kukubali kushindwa, wala hauna habari ya kuoga.

Kiswahili nacho kina mitego iyo hiyo. Twasema "kupiga moyo konde", lakini hatusemi "kupiga moyo ngumi", ingawa konde na ngumi ni kitu kimoja. Basi nahau haina budi kufundishwa nzima, pamoja na mahali pa kuitumia, na asiye na hakika na aulize kwa maneno mepesi: "Je, waumwa?"