Nyota ya Zanzibar: Venye Nishani Ilipewa Jamaa Aliyepiga Ikulu Mizinga, Halafu Ikadedi

Kila mwaka ikikaribia 12 Desemba, ile orodha ya nishani za rais hutoka na mitandao inawaka. Mmoja anauliza huyu mwanasiasa kwani amefanya nini. Mwingine anataka kujua mbona mchekeshaji amewekwa na nesi ameachwa. Halafu kuna zile herufi za kubandika nyuma ya jina: EGH, EBS, MBS, OGW, HSC. Jina la mheshimiwa linakuwa refu kuliko foleni ya mitungi Lindi siku maji yamepotea.

Lakini kuna swali huwa haliulizwi sana. Gava iliyokupa nishani ikianguka, hiyo nishani inaenda wapi? Unabaki mheshimiwa, ama unabaki na chuma tu kwa droo?

Jibu tunalo, na halitoki mbali. Huku Afrika Mashariki kulikuwa na nishani kubwa ya taifa iliyoitwa Nyota Ing'aayo ya Zanzibar. Ilianza 1875, ikaisha 1964, na sai hakuna serikali yoyote inayoitoa. Risto yake iko na sultani, iko na vita ya dakika 38, na iko na admirali mmoja mlami ambaye ukisikia alichopewa utashika kichwa. Kaa rada.

Ilianzaje?

Mwaka 1875 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alienda Uingereza kutembea na kukutana na Malkia Victoria. Kumbuka huyu hakuwa sultani wa kisiwa kimoja. Pwani yote kutoka huku kwetu Mombasa na Lamu hadi kusini kule Tanzania ilikuwa inamtambua. Hata ule mji wa Lindi wa Tanzania, wajina wa Lindi yetu ya Kibera, ulikuwa chini ya Zanzibar kabla Wajerumani waingie.

Mwaka huo huo ndio alianzisha hiyo nishani. Kwa Kiarabu jina lake lilikuwa Wisam al-Kawkab al-Durri. Kawkab ni nyota, durri ni ya kung'aa. Ukiwa umesoma madrasa, hayo maneno utayatambua kutoka Surat An-Nur.

Sasa mbona sultani ahitaji nyota ya kifuani? Juu wakati huo nishani ilikuwa lugha ya wakubwa. Wafalme wa Ulaya walikuwa wanatumiana nyota na misalaba vile leo marais wanapigana picha wakisalimiana. Ukiwa na nishani yako mwenyewe, unasema: mimi pia ni dola, mimi pia ninaweza kukuheshimu. Ukikosa, wewe ni wa kupokea tu. Barghash hakutaka kuwa wa kupokea tu.

Na haikuwa medali ya vita pekee. Ilikuwa na madaraja, na walioipata ni pamoja na maafisa, mawaziri na wageni wenye majina. Mmoja ni Aga Khan wa tatu, aliyepewa daraja la kwanza mwaka 1900. Hilo jina unalijua, hata kama unalijua tu kwa bili ya hospitali.

Dakika 38 zilizobadilisha kila kitu

Sasa ingia kwa plot yenyewe.

Mwaka 1890 Waingereza waliifanya Zanzibar nchi ya kulindwa. Kulindwa, kwa lugha ya mtaa, ni ile mtu anakuja kukulinda bila kuitwa halafu anashika funguo za keja. Sultani alibaki na kiti, bendera na nishani. Maamuzi makubwa yakahamia kwa walami. Kutoka 1891 waziri wa kwanza wa sultani alikuwa Lloyd Mathews, jamaa aliyetoka jeshi la maji la Uingereza.

Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini akafa ghafla. Kabla hata watu wamalize matanga, Khalid bin Barghash akaingia ikulu na kujitangaza sultani. Ndiyo, bin Barghash: mtoto wa yule yule aliyeanzisha ile nyota. Waingereza hawakumtaka. Walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid hadi saa tatu asubuhi ya 27 Agosti ashushe bendera na atoke.

Khalid akakataa. Saa tatu na dakika mbili, meli za Admirali Harry Rawson zikafungua mizinga. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni dakika 38, ndiyo maana hii huitwa vita fupi kuliko zote kwa historia. Lakini usicheke sana. Kwa huo muda mfupi, watu kama 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja.

Khalid akahepa hadi kwa ubalozi wa Wajerumani, na baadaye wakampeleka Dar es Salaam. Hamoud akakalishwa kwa kiti siku hiyo hiyo.

Halafu ikafika wakati wa kupeana shukrani. Kufikia mwanzo wa 1897, nani alikuwa ameongezwa kwa orodha ya Nyota Ing'aayo ya Zanzibar, daraja la kwanza? Harry Rawson.

Soma tena polepole. Nyota iliyotengenezwa na Barghash ili Zanzibar iheshimike ilivalishwa jamaa aliyepiga mizinga ikulu ya Zanzibar akimtoa mtoto wa Barghash. Na ilitolewa kihalali kabisa, na sultani wa Zanzibar, juu sultani mwenyewe ndiye huyo jamaa aliyesaidia kumweka. Huyo huyo Rawson, Februari 1897, ndiye aliongoza jeshi lililoingia Benin, kule Nigeria ya leo, na kubeba zile sanamu za shaba ambazo hadi sai watu wanadai zirudishwe nyumbani.

Kwa hivyo nyota haikubadilika, na jina lake halikubadilika. Kilichobadilika ni mkono unaoitoa. Mkono ukishikwa na mwingine, heshima inaenda penye huyo mwingine anataka iende.

Ilidedi vipi?

Kwa miaka mingine karibu 67, masultani waliendelea kuitoa. Na usidhani hiyo ilikuwa mambo ya kisiwani tu. Ukanda wa maili 10 wa Pwani ya Kenya, Mombasa ikiwa ndani, kwa karatasi ulikuwa bado mali ya sultani hadi 1963. Bendera yake nyekundu ilikuwa inapepea Fort Jesus wakati babu zetu wanapanda treni kuja kutafuta kazi Nairobi. Oktoba 1963 ndio makubaliano yalifanywa London kwamba ukanda huo uwe Kenya.

Zanzibar ikapata uhuru 10 Desemba 1963, siku mbili kabla yetu. Sultani Jamshid bin Abdullah akabaki mkuu wa nchi. Lakini haikufika hata wiki tano. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakatokea na usultani ukaisha.

Jamshid akapanda meli na familia, wakaelekea Mombasa. Kenya ikakataa ashuke. Fikiria hiyo: miezi michache tu nyuma huo mji kwa karatasi ulikuwa wake. Akaenda Dar es Salaam, kisha Uingereza, akaishi Portsmouth kwa miongo mingi. Aliruhusiwa kuhamia Oman 2020, na akafia huko 30 Desemba 2024.

Nyota ikaisha na kiti. Zilizotolewa ziko kwa makumbusho, kwa masanduku ya familia, na kuna zinazouzwa kwa minada majuu kwa watu wa kukusanya vitu vya zamani. Tanzania ilitengeneza nishani zake, kama ile ya Mwenge wa Uhuru. Kenya nayo ikaachana na zile MBE na OBE za Waingereza, ikaunda zake: ya Moyo wa Dhahabu, ya Mkuki Unaowaka, na kadhalika.

Na Khalid, yule mtoto wa Barghash? Waingereza walimkamata 1916, wakampeleka uhamishoni visiwa vya mbali, baadaye wakamruhusu arudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa 1927.

Sasa Lindi inaingia wapi?

Inaingia hivi. Wakati wakubwa wanapeana nyota, kuna watu walifanya kazi ya serikali na malipo yao yakawa stori ndefu. Hao ni Wanubi wa Kibera.

Wanubi walikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki. Walipigana Vita ya Kwanza ya Dunia hadi huko kusini mwa Tanzania. Mwaka 1917 KAR walikuwa kwa mapigano makali upande wa Lindi ile nyingine. Kuna waliorudi na medali za vita. Ploti nazo? Waliwekwa hapa penye wao wenyewe walipaita Kibra, maana yake msitu. Mwaka 1918 serikali ikaitangaza rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Wakaambiwa kaeni. Hati hawakupewa.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Admirali alipewa nyota, cheo na karatasi. Askari wa Kibra alipewa ruhusa ya kukaa, na ruhusa huondolewa siku yoyote. Hata baada ya uhuru, watoto na wajukuu wa hao askari walihangaika kupata vitambulisho, hadi 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto ikaamua kwamba Kenya ilikuwa imewakosea watoto wa Kinubi kwa mambo ya uraia. Hati ya ardhi ya jamii ilikuja 2017, na ilikuwa ya ekari 288. Piga hesabu: haifiki asilimia 7 ya zile 4,197. Mwaka uliofuata, 2018, matingatinga yakapita Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu wengi wakalala nje.

Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba nishani ndiyo njia ya nchi kusema asante, mwambie hiyo ni njia moja tu. Nchi pia husema asante kwa hati, kwa kitambulisho, kwa pensheni inayofika kwa wakati. Na hizo huwezi kuvaa ukapigwa picha, ndiyo maana huwa zinachelewa.

Je, tuzitupe basi?

Hapana. Nishani si mbaya. Eliud Kipchoge alipopewa EGH 2019, baada ya kukimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, hakuna mtu alilalamika. Wangari Maathai alikuwa na EBS, na kabla ya hapo serikali ya wakati mwingine ilikuwa inamtuma karao ampige akitetea Karura na Uhuru Park. Hapo unaona kitu kile kile tuliona Zanzibar: mkono ukibadilika, anayeitwa adui leo anavalishwa kesho. Kazi yake ilikuwa ile ile.

Tofauti ni kwamba sisi si raia wa sultani. Tuko na Sheria ya Nishani za Kitaifa ya 2013. Inasema rais anatoa nishani akishauriwa na kamati, na imetaja sababu za mtu kupewa: ushujaa, kujitolea, uzalendo, mchango kwa jamii, elimu, michezo, sayansi na nyinginezo. Halafu iko na kitu wengi hawajui: mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kupendekeza jina. Si lazima mtu awe mbunge au rafiki wa mdosi.

Hapo ndipo msee wa Lindi ama Kawangware anaingia kwa mchezo. Ukikaa kimya, orodha itajazwa na wale wanajua wanaoijaza, na kila Desemba utakuwa unapiga kelele mtandaoni baada ya mambo kuisha. Lakini kuna yule mama wa afya ya jamii anayepanda na kushuka hizo vichochoro na begi lake akiulizia watoto na chanjo. Kuna mwalimu wa shule ya mabati ambaye mshahara wake ni ahadi. Kuna mbogi ya vijana ilisafisha mtaro, ikalima sukuma penye kulikuwa na jaa. Hao hawana mtu wa kuwaandikia.

Andika jina. Andika amefanya nini, tangu lini, na nani anaweza kuthibitisha. Peleka. Na siku ukienda kwa baraza la chifu ama kwa mkutano wa MCA, uliza pia ile hati ya nyumba anayolala imefika wapi, juu HSC haizuii tingatinga.