Philip Strax

Philip Strax (1909 – 1999) alikuwa daktari wa radiolojia nchini Marekani. Anajulikana hasa kama mmoja wa viongozi wa utafiti mkubwa wa kwanza ulioonyesha kwamba kuwapima wanawake wasio na dalili kwa mamografia, yaani eksirei ya matiti, pamoja na kuwapapasa, kunaweza kupunguza vifo vya saratani ya titi.

Maisha

Strax alizaliwa na kusomea udaktari mjini New York. Mwaka 1947 mke wake alifariki kwa saratani ya titi. Wakati huo ugonjwa uligunduliwa kwa kawaida baada ya uvimbe kuhisika kwa mkono, na mara nyingi ulikuwa umekwisha kuenea. Baadaye Strax aliongoza idara ya radiolojia katika hospitali ya Elmhurst, eneo la Queens.

Utafiti wa HIP

Mwaka 1960 Robert Egan, daktari wa radiolojia wa Houston, alichapisha namna ya kupata picha za matiti zilizo wazi zaidi. Hata hivyo kuona mapema si sawa na kuokoa. Mgonjwa aliyegunduliwa miaka 2 mapema huonekana ameishi na saratani miaka 2 zaidi, hata kama siku ya kifo chake haikubadilika. Ilibidi kuhesabu vifo.

Kuanzia Desemba 1963, Strax, mtakwimu Sam Shapiro na daktari mpasuaji Louis Venet waliwagawa kwa bahati nasibu wanawake wapatao 62,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 64. Wote walikuwa wanachama wa HIP, mpango wa bima ya afya wa New York. Nusu yao waliitwa kupimwa kwa mamografia na kwa kupapaswa na daktari, mara moja kwa mwaka, jumla ya mara 4. Nusu nyingine waliendelea na matibabu ya kawaida. Karibu theluthi moja ya walioitwa hawakuja, lakini nao walihesabiwa katika kundi lao ili ulinganisho uwe wa haki.

Katika miaka ya kwanza ya ufuatiliaji, vifo vya saratani ya titi katika kundi lililoitwa vilikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja. Kati ya saratani 132 zilizogunduliwa katika vipimo hivyo, 44 zilionekana kwa mamografia pekee na 59 kwa kupapasa pekee. Picha za wakati huo, basi, hazikuweza kuchukua nafasi ya mkono wa daktari.

Umuhimu

Matokeo hayo yalifungua njia kwa majaribio mengine, yakiwemo ya Uswidi. Ubishi kuhusu faida kwa wanawake wenye umri wa miaka 40 hadi 49 uliendelea kwa miongo mingi. Mwaka 1988 Strax na Shapiro walipewa kwa pamoja Tuzo ya Kettering ya utafiti wa saratani.